Maswali ya Wasomaji: Chai ya Barafu Inayotibuka, Kahawa ya Baraza na Mkate wa Kumimina

Barua tulizozipokea kwa ajili ya toleo hili zimehusu vinywaji kuliko vyakula, na nyingi kati yake zimeuliza habari za chai na kahawa, ambazo kila nyumba ya Unguja na Pemba huzipika kila siku na kwa hiyo watu huzidhania kuwa hazina la kujifunza. Nimezisoma zote kwa furaha. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi, na kila moja nimeijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa jambo lenyewe.

Chai yangu ya barafu hutibuka

*Bi Mshauri, assalaam aleikum. Mimi ni mama ninayeishi Wete. Nauza chai ya barafu pamoja na sambusa na katlesi karibu na skuli ya watoto wetu. Chai naichemsha asubuhi pamoja na tangawizi na mchaichai, naiacha ipoe, kisha naitia kwenye friji. Ikitoka huwa imetibuka, rangi yake ni ya tope, na wateja husema kuwa imelala. Mimi nikiionja sioni kasoro isipokuwa ukali unaobaki ulimini. Wakati mwengine huwa na utando juu. Je, tatizo ni majani, ni maji, au ni mkono wangu?*

Waaleikum salaam, dada yangu wa Wete. Majani yako huenda ni mazuri kuliko unavyoyadhania, kwa sababu chai inayotibuka ikipoa kwa kawaida ni chai iliyokolea. Ndani ya majani ya chai mna kafeini, na mna vitu vya jamii ya tanini ambavyo ndivyo vinavyoipa chai rangi yake nyekundu na ule ukali unaokausha ulimi. Chai ikiwa moto, vitu hivyo huwa vimeyeyuka na kutawanyika. Ikipoa, hushikana vikafanya chembe ndogo zisizoyeyuka, na hizo ndizo zinazouzuia mwanga usipite katika gilasi. Kadiri chai ilivyokolea, na kadiri majani yalivyochemka kwa muda mrefu, ndivyo ukungu unavyozidi. Unaweza kulihakikisha jambo hili papo hapo jikoni. Chukua gilasi ya chai iliyotibuka, iinue kwenye mwanga wa dirisha, kisha itie maji ya moto kidogo kidogo huku unakoroga, nawe utaiona inasafika mbele ya macho yako na ule wekundu wake unarudi. Chai iliyoharibika haisafiki kwa maji ya moto.

Maji nayo yana sehemu yake. Sehemu kubwa ya Unguja na baadhi ya maeneo ya Pemba yamekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji ya visima vingi hutoka na madini hayo, yale yale yanayoacha gamba jeupe ndani ya birika. Madini hayo huongeza ukungu, na ndiyo hasa yanayosababisha utando unaouona juu ya chai. Ukiweza kupata maji laini, kwa mfano maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa, utaona tofauti siku hiyo hiyo. Ndimu pia husaidia, kwa kuwa uchachu wake huyashika yale madini na kuupunguza utando, na huifanya rangi ya chai ing'are.

Hata hivyo, jambo ninalotaka ulizingatie kuliko yote ni mpango wa kupika. Sisi tumezoea kuvitia vyote katika sufuria moja, majani, tangawizi, mchaichai, mdalasini na iliki, tukaviacha vichemke pamoja mpaka harufu ijae nyumba nzima. Kwa chai ya moto yenye maziwa jambo hilo halina madhara, kwa sababu protini za maziwa huzishika tanini na kuupunguza ukali. Chai ya barafu haina maziwa ya kuifichia lolote. Viungo vinahitaji kuchemka kwa dakika 10 hadi 15 ndipo vitoe ladha, ilhali majani ya chai yanahitaji dakika 4 au 5 tu, na kila dakika inayozidi hapo huongeza ukali na ukungu. Kwa hiyo vitenganishe. Chemsha kwanza viungo vyako katika lita moja ya maji, ukifunika sufuria ili yasipungue sana. Vikishatoa ladha, zima moto, tia gramu 8 za majani, ambazo ni kama vijiko vya chai vitatu au vinne vya sawasawa, funika, na baada ya dakika 5 chuja bila ya kuyakamua majani. Sukari itie hapo hapo chai ingali moto, kwa kuwa ikishapoa sukari huzama chini na mteja wa mwisho hunywa asali. Iache chai ipoe yenyewe mpaka iwe vuguvugu, ndipo uitie kwenye friji. Chai ya moto inayopozwa kwa ghafla huwa na ukungu zaidi.

Utaniuliza, je, barafu haitaifanya chai hiyo kuwa maji? Itaifanya, ukiijaza gilasi. Wengi hulikwepa jambo hilo kwa kuikoleza chai maradufu, na hapo ndipo ukungu unapoingia. Njia ninayoipenda mimi ni kugandisha sehemu ya chai yenyewe katika trei za barafu, ukavitia vipande hivyo kwenye gilasi badala ya barafu ya maji. Vikiyeyuka, chai haipungui ladha.

Watu wa Marekani, ambao huenda ndio wanaokunywa chai ya barafu kuliko wote, hupenda kusimulia kwamba kinywaji hiki kilizaliwa mwaka 1904 katika maonyesho makubwa ya St. Louis, pale mfanyabiashara wa chai Richard Blechynden alipoona hakuna anayetaka chai ya moto katika joto lile, akaamua kuitia barafu. Ni kweli kwamba maonyesho yale yaliipa umaarufu, lakini maelekezo ya kuitengeneza yalikuwa yamekwisha kuchapishwa mwaka 1879 katika kitabu cha mapishi ya Virginia, nami nayataja kwa sababu yanakubaliana na haya ninayokueleza. Yalitaka vijiko viwili tu vidogo vya chai ya kijani kwa kipimo cha maji kinachokaribia lita moja, chai iandaliwe asubuhi kwa ajili ya jioni, ichujwe bila ya kukorogwa, mashapo yaachwe chini ya jagi, kisha imiminwe juu ya barafu na sukari na kukamuliwa limau ili kuuondoa ukali. Chai ile ilikuwa nyepesi tangu mwanzo, na ilipikwa ikijulikana kuwa itanywewa baridi.

Kwa kuwa unawauzia watoto, niruhusu niongeze mambo mawili. La kwanza ni usafi: barafu isiyo ya chai iwe ya maji yaliyochemshwa, chai isikae nje ya friji kwa muda mrefu ikishapoa, na iliyobaki baada ya muda wa saa 8 tangu kupikwa imwagwe, hata kama ladha yake bado ni nzuri. Wako wanaoloweka majani katika maji baridi usiku kucha ndani ya friji, na chai hiyo hutoka safi bila ukungu, kwa sababu maji baridi huvuta tanini kidogo. Nyumbani ni njia nzuri, maji yakiwa yamechemshwa kwanza na kupozwa. Kwa biashara nakushauri ubaki na maji ya moto, kwa kuwa joto ndilo linaloua vijidudu vilivyomo kwenye majani yenyewe. Na kamwe usiiweke jagi juani ili chai ijitengeneze, kwani joto la jua huwastawisha vijidudu badala ya kuwaua.

La pili ni sukari. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazozipata kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, kiasi ambacho kwa mtu mzima ni karibu gramu 25, sawa na vijiko sita vya chai. Mtoto ana kiasi pungufu ya hapo. Gilasi yenye vijiko vinne huwa imekwisha kulila fungu lake kubwa kabla ya kufika kwenye mkate na biskuti. Chai iliyopikwa vizuri haina ukali wa kuufunika kwa sukari, na utaona kwamba kijiko kimoja na nusu kinatosha.

Chai ya asubuhi iliyobaki

*Je, chai iliyobaki kwenye sufuria asubuhi naweza kuitia barafu jioni? — Msomaji, Makunduchi*

Ikiwa ina maziwa na imeshinda nje, hapana, imwage. Ikiwa ni chai ya mkandaa, yaani isiyo na maziwa, iliyochujwa mapema na kuwekwa kwenye friji, inywe siku hiyo hiyo bila ya wasiwasi. Ikiwa imeshinda na majani yake ndani ya sufuria, sioni sababu ya kuihangaikia, kwa kuwa hata barafu haitauondoa ule ukali.

Kahawa ya baraza, nyumbani

*Shikamoo Bi Mshauri. Mimi ni kijana, nimepanga chumba Mwanakwerekwe. Jioni nikiwa mjini hunywa kahawa pale Jaws Corner na huipenda sana. Nikijaribu kuipika kwangu hutoka chungu mno, tena uchungu wa kuungua, na mashapo hunijaa kwenye meno. Nanunua unga wa kahawa dukani, nautia katika maji yanayochemka na kuuacha uchemke robo saa. Ninakosea wapi?*

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba kijana anataka kuijua kazi hii, kwa sababu wanaoijua vizuri wanazidi kuwa wazee. Jibu fupi ni kwamba robo saa ya kuchemka ni nyingi mno. Kahawa inayochemka mfululizo hupoteza harufu yake pamoja na mvuke, na kinachobaki hutoa uchungu tu.

Siku utakayokuwa Jaws Corner, kaa karibu na muuzaji umtazame anavyomimina. Dele lake la shaba limekaa juu ya makaa yaliyokwisha kufifia, yanayotosha kulitunza joto na yasiyotosha kuichemsha kahawa. Analiinua kwa mshikio bila ya kulitikisa, analilaza taratibu mpaka mkondo mwembamba utoke mdomoni, na mara tu finjani inapokaribia kujaa analisimamisha tena. Mashapo yamelala chini na yeye hayaamshi. Wewe ukishika sufuria pana ukaiinamisha juu ya kikombe, mashapo yote huja mbio pamoja na kahawa. Kwa hiyo kama huna dele, tumia birika lenye mdomo mrefu, au imimine kahawa kwenye chupa ya chai kupitia chujio la kitambaa.

Sasa upishi wenyewe. Kwa lita moja ya maji tumia karibu gramu 60 za unga wa kahawa, nazo ni vijiko vya mezani vinane hadi kumi. Ponda kipande cha tangawizi, kitie kwenye maji yangali baridi, na uache yachemke pamoja mpaka maji yapate ule mwasho. Epua. Tia kahawa, koroga, kisha rudisha juu ya moto mdogo na usiondoke, kwa sababu baada ya muda mfupi utaona povu la rangi ya udongo linakusanyika pembeni na kuanza kupanda. Likipanda, epua mpaka lishuke, kisha rudisha. Fanya hivyo mara mbili au tatu, tia iliki iliyotwangwa, funika, na uiweke mbali na moto kwa dakika 5 au zaidi. Hizo dakika za kutulia ndizo zinazoyashusha mashapo, na watu wengi hawana subira nazo. Baada ya hapo usiichemshe tena. Ikipoa, ipashe moto bila ya kuiacha itokote.

Unga wa dukani uliokaa wiki nyingi katika mfuko uliofunguliwa huwa umepoteza harufu, na hakuna mpishi anayeweza kuirudisha. Ukiweza, nunua buni zilizokaangwa, utwange kiasi cha siku hiyo tu. Kinu na mchi vinatosha. Usiutwange ukawa laini mno, kwa kuwa unga laini sana hauzami upesi.

Kuhusu aina, visiwa vyetu hutegemea sana kahawa ya bara, na bara kuna jamii mbili. Robusta hulimwa Kagera, ambako Wahaya waliijua kwa karne nyingi, wakizichemsha buni mbichi pamoja na majani yenye harufu, kuzikausha, na kumpa mgeni azitafune. Arabika hulimwa Kilimanjaro, ambako wamisionari waliifikisha mwishoni mwa karne ya 19, na vilevile Mbinga na Mbozi. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na uchungu wake ni mzito. Arabika ina harufu nzuri zaidi na uchachu kidogo. Kwa kahawa ya finjani mimi huchanganya, sehemu kubwa ikiwa robusta, kwa sababu arabika peke yake huelemewa na tangawizi.

Na tafadhali usitie sukari ndani ya dele. Uchungu wa kahawa ya baraza umepangiwa mwenzake, nao ni kipande cha kashata ya njugu au cha halua kinacholiwa kabla ya fundo la kwanza na katikati ya yanayofuata. Ukiionja halua ya Pemba yenye samli na iliki, kisha ukanywa kahawa isiyo na sukari, utaelewa kwa nini wazee hawakuona haja ya kuvichanganya viwili hivyo katika kikombe kimoja.

Daktari amenitajia kolesteroli

*Mimi ni mzee wa Chake Chake. Daktari ameniambia kuwa kolesteroli yangu imepanda, akanionya kuhusu nyama na samli. Kahawa hakuitaja, lakini mwanangu anasema nayo inadhuru. Nakunywa asubuhi na jioni barazani kwa miaka mingi. Je, niiache?*

Shikamoo, mzee wangu. Mwanao amesema jambo lenye ukweli, ingawa halikulazimishi kuiacha baraza. Kahawa inayochemshwa bila ya kuchujwa kwa karatasi hubaki na mafuta ya buni, na ndani ya mafuta hayo mna kemikali ziitwazo kafestoli na kahweoli, ambazo hupandisha kolesteroli katika damu. Jambo hili lilichunguzwa sana katika nchi za Ulaya ya Kaskazini, ambako nao wana desturi ya kuchemsha kahawa na kuimimina ilivyo. Karatasi ya kuchujia huyazuia mafuta hayo karibu yote. Kuyaacha mashapo yatulie hupunguza kidogo tu.

Ninachokushauri ni kwamba kahawa ya asubuhi upikiwe nyumbani na ichujwe kwa karatasi, kisha barazani jioni unywe finjani moja au mbili badala ya kuongezewa kila muuzaji anapopita. Mueleze daktari wako habari hii pia, ili aijue anapokipima kipimo kijacho. Na usiinywe ikiwa inaunguza: mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vilivyozidi nyuzi joto 65, huenda vinachangia saratani ya umio, na lililotiliwa shaka ni joto lenyewe, kwani kahawa halikuiweka katika orodha ya vinavyosababisha saratani. Finjani kwa udogo wake hupoa upesi. Ipe muda wa kumalizia sentensi unayoizungumza na wenzako, ndipo unywe.

Kichwa kinaniuma siku za mwanzo za Ramadhani

*Kila mwaka siku mbili au tatu za mwanzo za Ramadhani hupata maumivu makali ya kichwa kuanzia mchana. Wengine huniambia ni njaa. Kwa kawaida nakunywa chai ya rangi asubuhi, kahawa kazini, na chai tena alasiri. — Msomaji wa kike, Bububu*

Dada yangu, njaa na upungufu wa maji vinaweza kuumiza kichwa, lakini mpangilio ulionieleza unafanana zaidi na mwili unaodai kafeini. Mtu aliyeizoea kila siku akiiacha ghafla, maumivu kwa kawaida huanza baada ya muda wa saa 12 hadi 24, huwa makali katika siku ya kwanza na ya pili, na huweza kuendelea kwa siku kadhaa, hata kufikia wiki moja na zaidi kidogo. Ndiyo maana unaumwa mwanzoni, kisha mwezi ukiendelea unapata nafuu ilhali njaa ni ile ile.

Dawa yake ni kuanza mapema. Tangu nusu ya Shaabani iondoe kwanza chai ya alasiri, baada ya siku chache ipunguze kahawa ya kazini iwe nusu kikombe, kisha uiache, na mwisho uisogeze chai ya asubuhi iwe nyepesi zaidi. Ukifika mwezi mtukufu mwili utakuwa umekwisha kuzoea. Katika Ramadhani yenyewe, futuru kwa tende na maji, kunywa uji, na chai au kahawa iwe baada ya chakula. Usiichelewe sana, kwa sababu kafeini hukaa mwilini: baada ya takriban saa tano nusu yake bado imo, na kahawa nzito baada ya tarawehe itakunyima usingizi kabla ya daku. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mjamzito 200. Kikombe cha kawaida cha chai ya rangi kina karibu 50, na cha kahawa iliyochujwa karibu 90.

Kichwa kikiuma pamoja na homa, kutapika au macho kufifia, hilo si suala la chai, nenda hospitali.

Je, chai humaliza damu?

*Mwanangu wa miaka minne amekutwa na upungufu wa damu, na jirani ameniambia nimkataze chai kabisa. — Mama, Mkoani*

Chai haimalizi damu iliyokwisha kuwemo mwilini. Tanini zake hukishika chuma kilichomo katika vyakula vya mimea, kama vile maharage, kunde na mchicha, kikapita bila ya kuingia mwilini, na hilo hutokea chai inaponywewa pamoja na chakula. Kwa mtoto mdogo mwenye upungufu tayari, jirani yako amekushauri vizuri: kwa sasa mpe maji, na mkamulie ndimu kwenye mchicha au mpe chungwa baada ya kula, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kukipokea chuma. Wakubwa wa nyumba wanywe chai yao saa moja baada ya chakula. Lakini chanzo cha tatizo kinaweza kuwa minyoo au malaria, hivyo usiache kufuata matibabu uliyopewa.

Mkate wa kumimina hauna matundu

*Bi Mshauri, nakuandikia kutoka Muscat. Watoto wangu wamezaliwa huku na wanaujua mkate wa kumimina kwa sababu ya bibi yao wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, ambaye huwapikia kila tunapokwenda. Nami nataka waupate hapa, wakati wa chai ya alasiri. Wangu hutoka mzito na umeshikana, bila ya yale matundu. Natumia mchele, tui la kopo, sukari, iliki na hamira, nasaga vyote pamoja kwa mashine mpaka vilainike.*

Mwanangu, nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, kwa sababu najua chakula hiki kina maana gani kwa aliye mbali na nyumbani. Vipimo vyako hukuvitaja, lakini umetaja jambo moja linalotosha kunieleza: unaisaga hamira pamoja na mchele. Mashine ikizunguka kwa muda mrefu huupasha moto mchanganyiko, na hamira ikikutana na joto kubwa hufa. Jambo la pili ni tui la kopo, ambalo mara nyingi ni zito kuliko tui tunalokamua wenyewe, na rojo ikiwa nzito mno haiumuki.

Roweka nusu kilo ya mchele usiku kucha, au kwa uchache saa sita, kisha umwage maji yote. Changanya tui la kopo la mililita 400 na maji kidogo mpaka liwe na wepesi wa maziwa. Usage mchele kwa tui hilo kidogo kidogo, ukipumzisha mashine kila inapopata moto. Usiamini macho, chukua rojo kidogo, isugue baina ya kidole gumba na cha shahada, na ukisikia punje hata moja endelea kusaga. Tia sukari gramu 150 au zaidi kidogo kwa kadiri mnavyopenda, na kijiko cha chai cha iliki. Rojo ikiwa imepoa na kubaki vuguvugu, ndipo utie kijiko kimoja cha chai cha hamira na ute wa yai moja uliopigwa. Rojo inayofaa hutiririka kutoka kwenye upawa bila ya kukatika. Ikidondoka kwa mabonge, ongeza tui jepesi.

Funika na uache iumuke. Nyumba za huko hupozwa kwa viyoyozi, na hamira haipendi baridi, kwa hiyo iweke bakuli ndani ya tanuri lililozimwa, au jikoni mahali pasipofikiwa na kiyoyozi. Baada ya dakika 45 hadi saa moja utaona vipovu vimejaa juu. Hapo usiikoroge tena, kwa sababu ukikoroga unaitoa hewa yote uliyoingojea. Ipake sufuria au kikaango kizito samli, kipate moto kwanza, kisha mimina rojo taratibu. Pembeni inapasa kulia mara tu inapogusa chuma. Iache juu ya moto mdogo kwa dakika 5 ili chini ishike, kisha uitie kwenye tanuri la nyuzi joto 180 kwa dakika 25 hadi 30. Bibi yao huweka makaa juu ya kifuniko, na tanuri linaifanya kazi hiyo hiyo ya kuleta moto wa juu. Uchome kwa kijiti. Kikitoka kikavu, umeiva.

Usiukate ukiwa moto, kwani ndani hubaki unanata na matundu hushikana tena. Ungoje mpaka uwe vuguvugu, na muda huo ndio wa kuchemsha chai. Ukiupika mara ya kwanza niandikie, unitajie na aina ya mchele uliotumia, kwa sababu mchele wa zamani hunyonya tui zaidi kuliko mpya, na huenda tukahitaji kukirekebisha kipimo cha maji.